Programu ya bure ya kupangia kazi zangu, ikae ndani ya laptopu yenyewe: nichukue ipi?

Bint_Tibirinzi (Chake Chake)

Asalaam aleikum wadau. Natafuta programu ya kuandikia kazi zangu binafsi, ya bure, inayokaa ndani ya laptopu, isiyotaka nifungue akaunti mtandaoni. Laptopu ni Windows 10, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Intaneti ni bando la simu, na umeme mnaujua.

Kazi zilizo wazi kwa wakati mmoja zinafika sitini hivi: duka la vifaa vya skuli (oda za Unguja, madeni, leseni), kikoba cha kila mwezi, shamba la karafuu, mambo ya watoto. Nahitaji tarehe ya mwisho, kazi zinazojirudia, na niweze kuona za duka peke yake au za shamba peke yake. Ikiwezekana nizione na kwenye simu ya Android. La muhimu kuliko yote: programu ikifa kesho, orodha yangu isife nayo.

fundi_Mlandege

Wa aleikum salaam dada. Hilo la mwisho ndilo uanze nalo. Kabla ya kuuliza programu ipi, uliza orodha yako itabaki kwenye diski kwa sura gani. Ikiwa ni faili la maandishi matupu, programu yoyote italifungua leo na miaka ishirini ijayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni todo.txt. Hiyo si programu, ni namna ya kuandika: kazi moja, mstari mmoja. Gina Trapani aliianzisha mwaka 2006, na tangu hapo watu wametengeneza programu nyingi za kuisoma. Mstari unakuwa hivi:

(A) 2026-01-12 Nunua majamvi ya kuanikia karafuu +shamba @Wete due:2026-01-20

Herufi kwenye mabano ni uzito wa kazi, na lazima iwe kubwa, iwe mwanzo kabisa wa mstari, kisha ifuate nafasi moja. Ukiandika (a), programu inaiona kama maneno ya kawaida. Tarehe inayofuata ni siku uliyoiandika kazi. Alama ya + ni mradi, @ ni mahali au hali ya kufanyia, na due ni siku ya mwisho. Kazi ikimalizika, mstari unaanza na x ndogo na tarehe ya kumaliza.

Tarehe iandike mwaka, mwezi, siku, mwezi na siku ziwe na tarakimu mbili kila moja. Ukiandika 20/1/2026, programu haitaijua kuwa ni tarehe.

Kwa Windows weka sleek. Ni ya bure, na kuchuja kwa +duka au @Chake ni kubofya tu. Ukishaipakua mara moja haihitaji intaneti. Kosa moja linawapata wengi siku ya kwanza: Windows huficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo ukitengeneza faili jipya la maandishi kwenye dirisha la mafaili (New, kisha Text Document) na kuliita todo.txt, kumbe limekuwa todo.txt.txt. Kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya View, tia tiki ya kuonesha mikia ya majina, kisha sahihisha.

Kengeja_IT

Naunga mkono faili la maandishi, ila tusimfiche dada jambo: todo.txt haipigi kengele. Faili la maandishi limelala tu, halimwamshi mtu. Mwenye leseni ya duka na madeni ya wateja anahitaji kukumbushwa saa fulani ya siku fulani.

Kwa hilo Thunderbird inatosha. Watu wanaijua kwa barua pepe, lakini ina kalenda na sehemu ya kazi ndani yake, na si lazima uweke barua pepe yoyote. Ikikuuliza akaunti, funga dirisha hilo, nenda kwenye kalenda, tengeneza mpya na uchague ikae kwenye kompyuta yako, si mtandaoni. Kila kazi unaipa tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, kundi, marudio na kikumbusho. Kikumbusho hutokea Thunderbird ikiwa wazi tu, kwa hiyo iweke ijifungue laptopu inapowaka.

Data yake ipo kwenye folda ya wasifu (profile) ya Thunderbird, ndani ya calendar-data, faili local.sqlite. Ukitaka kulinakili, funga Thunderbird kwanza. Ukinakili ikiwa wazi unaweza kupata nakala nusu, na hutajua mpaka siku unayoihitaji. Njia salama zaidi ni kuitoa kalenda nzima kama faili la .ics, ambalo programu karibu zote za kalenda hulisoma.

Tahadhari ya saa: saa za programu zinahesabiwa toka usiku wa manane. Saa 3 asubuhi andika 09:00, saa 3 usiku andika 21:00. Ukiandika 03:00 kengele italia saa 9 ya usiku.

Msuka_Kaskazini

Niongeze mbili zinazotajwa sana, ili dada ajue kwa nini aziache.

Super Productivity ni nzuri kwa mtu anayetaka kupima muda anaotumia kwa kila kazi. Ni ya bure, haitaki akaunti. Lakini data yake inakaa ndani ya hifadhi ya programu yenyewe, si faili unaloweza kulifungua kwa Notepad, kwa hiyo nakala ya kuwa nayo mkononi ni ile ya JSON (faili la maandishi) inayotolewa na programu yenyewe. Tena imejengwa juu ya Electron, yaani inabeba kivinjari kizima tumboni. Kwenye RAM ya GB 4, pamoja na Chrome, laptopu itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndipo inapokwama. Sleek nayo ni Electron, fundi hakulisema. Itakwenda, ila usiifungue pamoja na vitu vingi. Ikikuelemea, todotxt.net ni nyepesi zaidi. Haiendelezwi tena, lakini kwa kuwa faili ni lilelile hupotezi kitu ukihama.

Taskwarrior ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi. Unaandika amri, nayo inapanga kazi kwa uharaka inaoukokotoa yenyewe kutoka tarehe, uzito na umri wa kazi. Lakini kwenye Windows inapita ndani ya WSL, yaani Linux ndani ya Windows, na kwa RAM hiyo sishauri. Kwa anayetumia Linux tayari: toleo la 3, la mwaka 2024, lilibadili hifadhi kutoka mafaili ya maandishi kwenda SQLite, yaani hifadhidata isiyosomeka kwa Notepad. Kabla ya kupanda kutoka toleo la 2.6, toa kila kitu kwa amri hii:

task export > kazi.json

Aliyepanda bila kufanya hivyo hukuta orodha tupu. Kazi hazijafutika, zipo kwenye mafaili ya zamani ndani ya folda ya .task, ila toleo jipya halisomi huko mpaka uziingize. Na kwa sisi tunaoanza wiki Jumamosi: Taskwarrior inakubali Jumapili au Jumatatu tu kuwa mwanzo wa wiki.

Bint_Tibirinzi (Chake Chake)

Ahsanteni sana. Naona niende na todo.txt kwa orodha yote, na Thunderbird kwa zile chache zenye saa. Maswali mawili: kikoba ni tarehe 5 kila mwezi, naandikaje ijirudie? Na simu nafanyaje bila kumaliza bando?

fundi_Mlandege

Marudio hayamo kwenye kanuni za asili za todo.txt, ni nyongeza, lakini sleek inaielewa. Kuna namna mbili na zinatofautiana sana:

Peleka hisa za kikoba +kikoba due:2026-02-05 rec:+1m

Safisha kichujio cha maji +nyumba due:2026-02-05 rec:1m

Yenye + inahesabu kutoka tarehe ya mwisho. Hata ukilipa kikoba tarehe 9, inayofuata ni tarehe 5 ya mwezi wa tatu. Isiyo na + inahesabu kutoka siku uliyomaliza, kwa hiyo kichujio ukikisafisha tarehe 9, zamu ijayo ni tarehe 9. Kikoba ukikiandika bila +, tarehe itasogea kidogo kidogo na baada ya miezi michache haifanani tena na ya wenzako. Badala ya m unaweza kutumia d kwa siku, w kwa wiki, y kwa mwaka.

Ongeza pia t: kwa kazi ambazo hutaki kuziona sasa. Leseni ya mwezi wa sita ukiipa t:2026-05-15, sleek unaweza kuipanga iifiche mpaka siku hiyo. Kwa orodha ya kazi sitini hiki ndicho kitu kinachoifanya isomeke.

Kitu kimoja usikitie rec:1y: Ramadhani, Maulidi, Idi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo tarehe hizo hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. Ziandike kwa mkono mwaka kwa mwaka, na maandalizi yawe na siku mbili tatu za akiba kwa ajili ya mwandamo.

Mkoani_Bandarini

Kwenye simu: Syncthing. Inalandanisha folda kati ya vifaa vyako moja kwa moja, bila seva ya mtu. Programu rasmi ya Android ilisitishwa mwisho wa mwaka 2024, kwa hiyo kwenye simu weka Syncthing-Fork. Kusomea na kuandikia orodha tumia Markor, nayo ya bure, inaifahamu todo.txt.

Washa hotspoti ya simu na uzime data. Kwenye simu nyingi hotspoti inabaki hai, na laptopu ikijiunga nayo vifaa vinaonana ndani kwa ndani. Bando haliguswi. Halafu kwenye Windows nenda kwenye sifa za Wi-Fi hiyo, uiweke kuwa ni muunganisho wa kulipia kwa kipimo (metered connection). Usipofanya hivyo, siku utakayosahau kuzima data Windows itaanza kushusha masasisho yake.

Shirikisha folda moja tu, yenye todo.txt na done.txt (faili la kazi zilizomalizika). Ruhusu Syncthing-Fork ifanye kazi bila kubanwa na kibana betri, la sivyo simu huiua kimyakimya na utadhani inalandanisha kumbe imekufa tangu juzi.

Ukiandika pande zote mbili kabla hazijaonana, litatokea faili la pili lenye neno sync-conflict kwenye jina. Usilifute. Fungua yote mawili, hamisha mistari iliyokosekana, ndipo ulifute. Syncthing huacha jina la asili kwa faili lenye muda mpya zaidi na kulipa jina la mgongano lenye muda wa zamani. Hapa laptopu za zamani zinaleta balaa: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, umeme ukikatika na betri kubwa ikiwa haina chaji, saa inarudi nyuma miaka. Ukiandika wakati huo, kazi zako mpya zinahesabiwa za kale, na ndizo zinazowekwa pembeni. Ukiona tarehe ya laptopu imepotea kila ikizimika, badilisha CR2032 kwanza. Kwenye baadhi ya laptopu imeungwa kwa waya mdogo, kwa hiyo nenda nayo kwa fundi umwoneshe aina yake.

Kwenye laptopu washa pia utunzaji wa matoleo ndani ya Syncthing kwa folda hiyo, matoleo matano yanatosha. Unatunza yale yaliyobadilishwa kutoka simu tu, basi ukifuta mstari kwa bahati mbaya kwenye simu, wa jana upo. Ukiufuta kwenye laptopu yenyewe, hapo utautafuta kwenye flashi.

Kengeja_IT

Na flashi ya bakapu kila Ijumaa, dada: folda ya todo.txt pamoja na .ics ya Thunderbird, ndani ya folda mpya yenye tarehe, usiandike juu ya ile ya wiki iliyopita. Toa flashi kwa kubofya kuondoa kwa usalama. FAT32 na exFAT hazina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, ukiichomoa inapoandika unaweza kupoteza na vya zamani. Ukimaliza, fungua faili moja kutoka kwenye flashi yenyewe uhakikishe linasomeka.