Bunduki inatoboa tundu refu badala ya duara, na Julai naenda kuwinda. Msaada wakuu

KijanaWaTengeru
Habari za jioni wakuu. Nina bunduki ya kuwindia, darubini nimeifunga mpya kabisa. Jumamosi nilipiga shabaha mita 100, risasi kumi, karatasi ikapata nne tu. Na hizo nne tundu zake si za duara, ni ndefu kama tundu la kifungo cha shati. Moja imeacha umbo la risasi nzima, kama imegonga karatasi ikiwa imelala. Msimu unafunguliwa Julai Mosi na nina safari ya Longido na shemeji, swala granti. Swali langu ni moja: nirekebishe hii darubini au ninunue nyingine? Usingizi sina.

MzeeWaManati
Ulipiga kabla ya kupita baa za Kwa Mrombo au baada?

BintiKibosho
Mabucha yote hayo Arusha na Moshi, mtu anakosa usingizi kwa ajili ya swala. Mnyama amekukosea nini? Haya, endeleeni, mimi napita.

FundiMstaafu
Darubini ikiwa mbovu matundu yanahama, lakini yanabaki duara. Tundu refu maana yake risasi inafika kiubavu, inapinduka angani. Taja kaliba (upana wa tundu la mtutu), uzito wa kichwa cha risasi, na mifereji ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kwa inchi ngapi. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

KijanaWaTengeru
Asante mzee. Kaliba ni ya kawaida tu, bunduki ya Ulaya, imara. Ila darubini ndiyo nina wasiwasi nayo, maana aliyeniuzia hakunipa risiti.

PoriTengefu
Umenikumbusha mbali. Nikiwa kijana nilibeba mizigo kambi moja ya uwindaji huko kusini. Mgeni alikuwa na bunduki kubwa ya .375, kwenye mkanda amechanganya risasi za ncha laini na zile ngumu zisizotanuka. Nyati akatokea ghafla, mgeni akapiga iliyokuja mkononi, ikawa laini, kwenye bega, nyati kageuza uso kutuangalia. Wacha weee. Mpishi wetu alipanda mti wa miiba na hakukumbuka kama una miiba mpaka jioni. Tulifuata damu hadi saa kumi. Tangu hapo mkanda wangu wa suruali tu ndio naukagua kila asubuhi.

FundiMstaafu
Kijana, kaliba gani?

KijanaWaTengeru
.223. Najua mtasema ndogo. Lakini Wamarekani wanaangusha kulungu nayo, video zipo tele. Na mimi sikuchukua risasi nyepesi, nina za greini 75 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi), ndefu, zimechongoka vizuri, zina kitundu nchani. Nilijua nzito ndiyo inapiga vizuri. Za greini 55 zilikuwepo nikaziacha.

FundiMstaafu
Basi ulikuwa na dawa mkononi ukaiacha dukani.

Sikiliza. Risasi ni kama pia ya watoto. Ikizungushwa kwa nguvu inasimama, ikipungua mzunguko inayumba na kulala. Kinachoizungusha ni mifereji ya mtutu. Na kinachodai mzunguko zaidi ni urefu wa risasi kuliko uzito wake. Kichwa kirefu kinataka mifereji iliyojikunja zaidi.

Kuna Mwingereza, Greenhill, alikuwa anafundisha hesabu maafisa wa mizinga pale Woolwich, mwaka 1879 akatoa kanuni ambayo hata mimi wa darasa la saba naiweza. Chukua kipenyo cha risasi kwa inchi, kizidishe chenyewe, zidisha kwa 150, gawa kwa urefu wa risasi. Kwa risasi ziendazo kasi kama hizi, zaidi ya futi 2,800 kwa sekunde, watu huweka 180 badala ya 150. Kipenyo cha risasi zako ni 0.224, hiyo .223 ni jina tu. Greini 75 ina urefu wa karibu inchi moja: jibu ni 9. Greini 55 ni kama robo tatu ya inchi: jibu ni 12. Yaani hiyo ndefu inataka mtutu unaozungusha mara moja kila inchi 9, na .223 nyingi za zamani zimechongwa 12.

Pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina kitu, angalia mara mbili. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia, fimbo iwe ya kuzunguka yenyewe kwenye mpini. Weka alama kwa kalamu, sukuma taratibu mpaka alama izunguke irudi juu. Umbali iliyoingia ndiyo jibu lako.

MwanafunziMweka
Nyongeza kidogo. Hewa nayo imo. Bunduki za Kimarekani za AR-15 za mwanzo zilikuwa na mzunguko wa inchi 14, zikajaribiwa kwenye baridi kali ambako hewa ni nzito, risasi zikakosa utulivu, mwaka 1963 wakahamia inchi 12. Sisi hapa Arusha tuko kama mita 1,400, hewa nyepesi inamsaidia kidogo. Ukiona inapinduka hata kwa hewa hii, ujue hesabu imekataa kweli.

MzeeWaManati
Kwa hiyo apande Kilimanjaro akapigie Kibo. Swala wa kule wanamsubiri.

KijanaWaTengeru
Nimewaelewa, ila naomba kuuliza. Ikiingia kiubavu si ndiyo jeraha linakuwa kubwa? Mnyama analala palepale. Na umbali wetu utakuwa mfupi, hata shambani kwetu mita 40 hivi ilikuwa inapiga karatasi. Risasi nilishapewa, ninazo themanini, ni hasara kuziacha.

FundiMstaafu
Kumi umepiga, nne zimegusa karatasi. Hizo sita ukiwa Longido zitakuwa wapi? Tumboni, mguuni, au kwa ng'ombe wa mtu. Inayofika kiubavu haipenyi inavyotakiwa, ikigusa mfupa wa bega inakata kona. Ncha laini inafunguka kwa sababu imeingia na ncha. Halafu zako hizo zenye kitundu nchani, zilizo nyingi ni za mashindano ya shabaha, hazikuundwa kwa ajili ya nyama. Na kabla ya yote uliza ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kama hiyo kaliba inaruhusiwa kwa mnyama uliyemtaja. Umesema "nilishapewa". Nani kakupa?

KijanaWaTengeru
Jamaa wa kambini. Mgeni aliziacha.

BintiKibosho
Nilisema napita, nimerudi. Leseni ya bunduki ina jina la nani?

KijanaWaTengeru
Ya marehemu mjomba. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza, na ukoo wote unajua aliniachia mimi.

BintiKibosho
Ukoo si polisi kaka yangu. Silaha hairithiwi kama ng'ombe. Kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kaisome kabla hujasomewa.

ChaiYaRangi
Wakuu, subirini. Mwanzo mita 100, sasa mita 40 shambani. Mwanzo darubini amenunua, tena "aliyeniuzia hakunipa risiti", greini 55 "zilikuwepo akaziacha", kumbe risasi zenyewe ni za kupewa. Bunduki ya marehemu, risasi za mgeni, gari bila shaka la shemeji. Picha ya karatasi hakuna. Hii ni chai, tena ya maziwa.

MzeeWaManati
Au ni afande yuko kazini, anavua samaki. Naweka wazi: mimi sina bunduki, sijawahi kuwa nayo, na hata manati nilirudisha mwaka juzi.

PoriTengefu
Ile hadithi ya nyati niliisikia kwa mtu.

MwanafunziMweka
Chai au si chai, hesabu ya mzee ni ya kweli. Mnaosoma msidharau.

ChaiYaRangi
Hesabu sina neno nayo. Naongelea mhusika.

KijanaWaTengeru
Mimi si afande. Mita 100 nilikadiria kwa hatua, na nilianzia 40 kwanza, sikuona haja ya kusema. Jamaa wa kambini alinichagulisha kati ya maboksi mawili, ndiyo hizo 55 nilizoziacha. Picha siweki kwa sababu hizo hizo mlizosema.

Nimepima kwa fimbo mara tatu. Alama imerudi juu ikiwa imeingia inchi 12.

FundiMstaafu
Umejijibu. Na hizo themanini usimpe mwingine.

BintiKibosho
Na bunduki?

KijanaWaTengeru
Jumatatu nitaenda kituoni na mama mdogo, yeye ndiye mwenye cheti cha kifo. Shida ni shemeji, ameshalipia gari la siku tatu na ameshawaambia wazee wa Machame wategemee nyama.

MzeeWaManati
Gari la siku tatu linatosha kununua mbuzi wawili mnadani na kuwarudisha wakiwa hai. Mwambie shemeji awapige mwenyewe, mita mbili, kwa kisu. Hakihitaji mzunguko wowote.