Naombeni ushauri wa laptop: ZBook 17 G3 ya mtumba au HP 17 ya kawaida kwa milioni moja na laki mbili?

Mchora_Ramani:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mwanza, nachora ramani za nyumba. AutoCAD (programu ya kuchorea) kila siku, SketchUp mteja akitaka kuiona nyumba kabla haijajengwa, Lumion, ile ya kutoa picha kama halisi, mara chache. Mashine yangu ni ya inchi 14, ikifika jioni macho yanawaka, kwa hiyo safari hii nataka inchi 17. Mfukoni kuna 1,200,000 na haiongezeki.

Nimebaki na mbili, zote zipo Dar:

HP ZBook 17 G3, i7-6820HQ, RAM 16, SSD 512, kadi ya grafiki ya Quadro M3000M ya GB 4, kioo 1920 kwa 1080. Anataka 1,150,000.

HP 17 (zile 17-by), i5-1035G1, RAM 8, SSD 256, grafiki za Intel za ndani, kioo 1600 kwa 900. Anataka 1,050,000.

Moyo upo kwenye ya pili kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha 10 na ile nyingine ni ya cha 6. Jamaa yangu ofisini anasema nitajuta. Nawasilisha.

Kijana_wa_Sabasaba:
Cha 10 mkuu, wala usiumize kichwa. Kizazi cha 6 ni mambo ya 2015 hayo.

Fundi_Kkoo:
Kijana, umesoma kazi anayofanya? Kizazi peke yake hakikwambii kitu. Angalia herufi za mwisho. HQ ni prosesa ya wati 45, hiyo G1 ni ya wati 15, imetengenezwa ili betri ikae. Zote zina viini vinne, zote zinafika GHz 3.6, ila ya wati 15 ukiiwekea kazi ya kurenda (kugeuza mchoro kuwa picha) haikai huko juu, inashuka. Kwa AutoCAD ya ramani tupu hutaona tofauti kubwa. Ukifungua SketchUp yenye miti na fenicha ndipo utaijua Quadro ni nini. Lumion kwa grafiki za ndani sahau. Hata kwa GB 4 ni matoleo ya zamani na mradi mdogo.

Halafu ZBook ina nafasi nne za RAM, inakwenda hadi GB 64. Ukipata hela unaongeza.

Dada_Msanifu:
Mimi naongelea kioo, maana ndicho kinachokutoa kwenye inchi 14. 1600 kwa 900 kwenye inchi 17 ni kukuza herufi tu, nafasi ya kuchorea haiongezeki sana. Ukifungua AutoCAD, menyu za juu zinakula, mstari wa amri chini unakula, ramani inabaki kwenye kidirisha. Na vioo vingi vya zile 17-by ni vya bei rahisi, ukiinamisha kidogo rangi zinabadilika. Laini za rangi namba 8, zile za kijivu tunazowekea fenicha, zinapotea kabisa kwenye mandhari nyeusi. Nimeshaona mtu anafuta ukuta akidhani ni laini ya msaada.

Kama kompyuta inakaa mezani muda wote, kuna njia ya tatu: inchi 15 yenye kadi nzuri, na skrini ya pembeni ya mtumba ya inchi 24.

Mzee_wa_Leseni:
Hamjamwambia habari ya Windows. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel. ZBook hiyo itabaki kwenye Windows 10, ambayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kuzunguka zipo na watu wanazitumia, lakini anayefanya kazi za wateja ajue anachonunua. Matoleo mapya ya AutoCAD nayo hayatasubiri.

Fundi_Kkoo:
Hapo mzee kasema kweli, sibishi. Ndiyo sababu bei imeshuka hivyo. Ila kwa hela yake, inchi 17 yenye Quadro na kizazi cha 8, mfano ZBook 17 G5, bado haijafika huko.

Mchora, swali: unatembea nayo?

Mchora_Ramani:
Saiti naenda na makaratasi, mashine inabaki ofisini. Umeme upo, ukikatika tuna jenereta dogo. Skrini ya pembeni hapana dada, meza tunagawana watu wawili. AutoCAD ninayotumia ni ya zamani kidogo, inanitosha.

Fundi_Kkoo:
Basi ZBook. Ni kilo tatu na chaja yake ni tofali, lakini kama haipandi daladala haikuhusu. Usitume hela kwa simu ili uletewe kwa basi. Tafuta mtu aende dukani.

Akifika aizime, aiwashe akibonyeza F10. Ikidai nywila ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), aiache hapo hapo. Nyingi zinatoka maofisini Ulaya na zimefungwa. Ikifunguka, aingie Windows aandike powercfg /batteryreport, alinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Kisha airendeshe kitu kizito dakika ishirini, ameweka kiganja karibu na feni. Ikizima yenyewe, dawa ya kupoza prosesa imekauka au mapezi ya kupozea yamejaa vumbi. Hilo linatengenezeka, ila bei ishuke.

Mchora_Ramani:
Shemeji yangu yupo Dar, amekwenda leo. F10 imefunguka, betri imebaki kama nusu, joto sawa. Ila chaja anayopewa imeandikwa wati 120. Muuzaji anasema ya 200 niongeze elfu sitini.

Fundi_Kkoo:
Ya 120 italeta ujumbe kila ukiwasha, na mashine itajibana, itapunguza kasi, Quadro umelipia bure. Shemeji amwambie 1,150,000 ni pamoja na chaja ya 200. Akikataa atoke taratibu, ataitwa kabla hajavuka barabara.

Mchora_Ramani:
Kaitwa mlangoni. 1,170,000 na chaja ya 200. Amelipa.