Tupeane uzoefu: Tetekuwanga imeingia uani. Tuwaache watoto waipate yaishe, au tuendelee kuikwepa?

Mwanzisha mada, Nkuhungu

Habari zenu wanajamvi. Naandika kutoka Nkuhungu, katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji watano tunaotumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Jumapili iliyopita mtoto wa chumba cha mwisho aliamka na vipele vya majimaji kifuani na kichwani, na kabla ya jioni mama yake alikuwa ameshatutangazia kwamba ni tetekuwanga. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu wapo wanaofunga mlango na kusema mtoto ameumwa na mbu.

Nina watoto wawili, wa miaka kumi na wa miaka minne, na hakuna kati yao aliyewahi kuugua. Mkubwa yuko darasa la nne na mwishoni mwa mwaka anafanya mtihani wa upimaji. Mama mkwe amenipigia simu kutoka Mpwapwa na kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba sasa ni likizo ya Juni, niwapeleke wakacheze na mgonjwa, wale sahani moja, walale kitanda kimoja, waugue pamoja na kupona pamoja, ili shule zikifunguliwa jambo hili liwe limebaki hadithi. Sikulibeza. Nimepiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani: wakiambukizwa leo, vipele hutokea kati ya siku ya 10 na ya 21, kisha huhitaji karibu wiki moja kukauka, kwa hiyo likizo inatosha kwa kubanana.

Kinachonizuia ni wifi yangu, ambaye anaishi nasi, ana ujauzito wa miezi saba, na hakumbuki kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Naomba waliowahi kukabiliwa na uamuzi huu watueleze walifanya nini na kilitokea nini. Tusiandike tuliyoyasikia kwa watu, tuandike yaliyotupata.

Mama wa watatu, Ipagala

Dada, mimi niliipokea kwa mikono miwili, kwa hiyo nisikilize. Dada yangu wa Area C aliponiambia kuwa wanawe wameugua, nilikodi bajaji, nikawapakia wanangu wote watatu, na njiani nikanunua juisi na biskuti kana kwamba tunakwenda kwenye sherehe. Walicheza kutwa nzima. Jioni tulirudi na mimi nikajisifu kuwa nimemaliza kazi.

Wakubwa wawili waliugua vile vile watu wanavyosimulia: homa ya siku mbili, kuwashwa, na kugombania ile losheni ya waridi ya duka la dawa. Mdogo, aliyekuwa na miaka miwili, alichelewa wiki mbili nyuma ya wenzake, na alipoanza vipele vyake vilikuwa vingi kuliko vya hao wawili ukivijumlisha. Nilimkata kucha, nilimwosha kwa maji ya mwarobaini yaliyopoa, na usiku nilimvalisha soksi mikononi, lakini mchana alikuwa akijisugua mgongo kwenye ukuta wa jikoni ambao hatujaupiga lipu. Siku ya tano kipele kimoja cha kiunoni kilibadilika, kikawa kigumu na cha moto, na wekundu ukaanza kutambaa kuelekea pajani. Asubuhi niliuzungushia mstari kwa kalamu ya wino ili nione kama unaongezeka. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshauvuka mstari.

Alilazwa siku sita akichomwa sindano za antibiotiki. Daktari aliniuliza mtoto aliambukizwa wapi, nikajibu kuwa sijui, kwa sababu sikuweza kumwambia kwamba nililipa nauli ya bajaji kwenda kuuchukua ugonjwa. Alipona, na amebaki na kovu la upana wa shilingi mia. Inawezekana kabisa kwamba angeupata shuleni miaka miwili mbele na mambo yakawa yale yale. Lakini usiku ule wodini sikuwa na jirani wa kumlaumu wala upepo wa kusingizia, na uzito wake naujua mimi.

Aliyeugua ukubwani, Kisasa

Pole sana mama, ila naomba niseme upande wa pili, kwa sababu mimi ni zao la kukwepa. Mama yangu alikuwa mwoga wa magonjwa. Kila tetekuwanga ilipoingia mtaani tulipelekwa Kondoa kwa bibi hadi ipite, na tulikwenda mara tatu kwa ninavyokumbuka. Nikaifikisha miaka 23 nikiwa msafi, nikaingia chuo hapa Dodoma, tukapangwa sita katika chumba kimoja, na katika muhula wa pili mwenzetu wa kitanda cha juu akaamka na vipele.

Mimi nilikuwa wa tatu kuugua na wa kwanza kuzidiwa. Vipele vilinitoka hadi kooni na ndani ya kope, sikuweza kumeza hata uji, kisha kikaja kikohozi, na siku ya nne nilikuwa naketi kitandani usiku kucha kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Ilikuwa nimonia ya virusi hao hao. Niliwekewa oksijeni na kupewa asiklovia kwa sindano, nikakosa mitihani, na nikaurudia muhula kwa gharama ya baba. Wenzangu watatu waliougua wakiwa wadogo walilala chumba kile kile wakinicheka kwa upendo, na hawakupata hata kipele kimoja.

Kwa hiyo mtu akisema "endelea kukwepa", namuuliza: hadi lini, na kwa njia gani? Chanjo ya tetekuwanga ipo duniani tangu wanasayansi wa Japani walipoitengeneza katika miaka ya 1970, na Marekani waliiidhinisha mwaka 1995, lakini haimo katika ratiba yetu ya kawaida ya chanjo za watoto. Bila chanjo, kukwepa kwetu ni kuusogeza ugonjwa mbele tu, kuelekea umri ambao unauma zaidi. Sijasema watoto wapelekwe kwa bajaji. Nasema kuwakimbiza Kondoa mara tatu nako kuna bei yake, na niliilipa mimi.

Mzee wa Mpwapwa

Wanangu, mama mkwe wa mwenye mada anasema tulivyofundishwa. Sisi tulilazwa watoto saba juu ya ngozi moja ya ng'ombe ndani ya tembe, mgonjwa katikati, na mama zetu walituambia kwamba hii si ndui, hii ni mgeni wa watoto tu. Tuliinuka wote. Ndiyo maana wazee wanaiamini njia hiyo, maana waliosimama kuisimulia ni wale walioinuka. Mtoto akifa siku hizo tulisema homa, au tulisema kijicho, na hatukuwa na daftari la kuandika ilianzaje.

Lakini kuna jambo ambalo mama zetu hawakulijua na mimi nililijua mwaka 2019, nikiwa na miaka 64. Nilianza kuungua ubavu wa kulia kama niliyemwagiwa chai, na siku ya tatu vikatoka vipele vilivyopangana kama mshipi, kutoka uti wa mgongo hadi chini ya ziwa, vikaishia hapo hapo katikati ya kifua bila kuvuka upande wa pili. Huo ni mkanda wa jeshi. Daktari alinieleza kwamba virusi vya tetekuwanga niliyoipata juu ya ngozi ile havikuondoka siku nilipopona, bali vilijificha katika mishipa ya fahamu kwa miaka karibu sitini, vikasubiri mwili uchoke. Vipele vilikauka ndani ya wiki tatu, ila maumivu yalikaa miezi minane, na shati lenyewe lilikuwa adui.

Mnajua pia maneno yanayouzunguka mkanda wa jeshi katika mitaa yetu. Nilipima, nikakutwa sina UKIMWI, na bado kuna watu waliacha kunipa mkono msikitini. Jambo la mwisho ni kwamba nilikuwa nampakata mjukuu wa mwaka mmoja wakati vipele vyangu vikiwa bado na maji, na wiki mbili baadaye yeye akapata tetekuwanga. Nilimpokeza mgeni wangu wa utotoni.

Mwenye duka, Majengo

Langu ni la Uviko, ila swali ni lile lile. Katikati ya mwaka 2021 nilichoka na barakoa na ndoo ya maji mlangoni, nikawaambia wateja kwamba acha inipate nimalize. Ilinipata mwezi Julai, nikalala siku nane, nikapona. Pua ndiyo haikupona. Kwa miezi minne sikusikia harufu ya mafuta ya taa wala dagaa, na siku moja jirani ndiye aliyeniambia kuwa maharage yangu yanaungua. Nilijifariji kuwa nimeshamaliza, lakini Januari iliyofuata iliniingia tena, na mara hii nikampelekea baba, ambaye alikuwa na kisukari na hakuwa amechoka na barakoa hata kidogo. Alikaa hospitali siku kumi na moja. Tulirudi naye nyumbani, Mungu ni mwema, ila neno "nimalize" nimeacha kulitumia.

Mama wa Nzuguni

Naandika kwa ufupi. Binti yangu ana saratani ya damu na yuko katika matibabu Dar es Salaam. Dawa zake zimeshusha kinga yake, na tetekuwanga ambayo kwa mtoto wako ni kuwashwa, kwake inaweza kuingia mapafuni na kwenye ini. Mwaka jana familia moja kanisani iliamua kwamba wanao waugue na ikaendelea kuja nao Jumapili, kwa kuwa vipele vilikuwa "vimebaki vichache". Siwakatazi watu wanachoamua nyumbani kwao. Naomba tu mkishaamua mtutangazie, kama alivyofanya yule jirani wa Nkuhungu, ili sisi tubaki nyumbani.

Muuguzi mstaafu, Kongwa

Nimesoma yote na kila mmoja amesema kweli yake, hata zinazopingana. Kijana wa Kisasa yuko sahihi kwamba tetekuwanga humwelemea mtu mzima kuliko mtoto. Mama wa Ipagala naye asishangae kuwa mdogo alizidiwa: aliambukizwa na ndugu zake ndani ya nyumba, na anayeambukizwa kwa kukaa karibu muda mrefu mara nyingi huugua vibaya zaidi. Ndiyo maana ushauri wa kuwalaza kitanda kimoja naupinga, hata kwa mtu aliyekubali kuwa ugonjwa utafika.

Mwenye mada, uamuzi wako si wa watoto wawili, ni wa ua mzima, na sehemu yake imeshakupita. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, na huendelea hadi vyote vifunge magamba, kwa hiyo mmeshakutana naye bombani. Aliye mbele ni wifi yako. Mjamzito asiye na kinga anaweza kupata nimonia kali. Katika miezi ya mwanzo kuna hatari ndogo ya kumdhuru mtoto tumboni, na akitokwa na vipele siku chache kabla ya kujifungua au mara tu baada yake, kichanga ndiye anayeugua vibaya. Mulizeni mama yake mzazi kama aliwahi kuugua, maana aliyewahi kuugua kwa kawaida ana kinga. Kama hakuna anayekumbuka, apige simu kliniki leo na kueleza, asiende kuketi kwenye benchi la wajawazito wenzake. Na mtoto yeyote akiugua, homa ishushwe kwa parasetamoli, asipewe asprini kabisa, kwa kuwa katika tetekuwanga inaweza kumharibu ini na ubongo.

Nimalizie kwa onyo, maana nimeona watu wakichanganya vipele. Kama ni surua, mjadala huu haupo. Surua ina chanjo, hutolewa bure mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na virusi vyake hubaki hewani ndani ya chumba kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Katika miaka ya kazi nimefumba macho ya watoto wa surua, na hakuna mama aliyeniambia kwamba alifurahi kuwa mwanawe ameimaliza.

Mwanzisha mada, Nkuhungu

Asanteni wote. Nimempigia simu mama mkwe na kumsomea maneno ya Mzee wa Mpwapwa. Alikaa kimya, kisha akauliza ni wa ukoo gani. Kuhusu wifi hakuwa na uhakika, ila alimpigia dada yake mkubwa wa Chamwino, aliyemlea wifi alipokuwa mdogo, na mama mkubwa huyo alisema bila kusita kwamba aliugua akiwa na miaka mitano, msimu wa kuvuna uwele, na kwamba kile kishimo kilicho juu ya nyusi yake ya kushoto, ambacho sisi sote tulidhani alianguka, ni alama ya tetekuwanga. Hata hivyo kliniki wamemtaka aende Alhamisi saa nane mchana, foleni ikiwa imekwisha, na hadi hapo amehamia kwa kaka yake Hombolo.

Watoto sikuwapeleka chumba cha mwisho na sikuwahamisha pia. Tunachota maji kwa zamu, nimetenga ndoo, kila mmoja analala kitanda chake, na mama wa mgonjwa anaanika nguo zake kwenye uzio badala ya kamba. Leo ni siku ya kumi na moja tangu vipele vya jirani vitoke. Asubuhi nimewakagua tumboni, mgongoni na nyuma ya masikio. Mdogo ana kidoa kimoja shingoni, ambacho kinaweza kuwa mbu. Nimekizungushia kalamu.