Naombeni ushauri: boti ya kukodi nusu siku visiwani, asubuhi au mchana?

Kinyangarika
Wakuu habari za jioni. Mimi mgeni humu, kama nimekosea jukwaa wahusika mtanihamisha.

Iko hivi. Jumamosi ijayo tunakodi boti nzima, peke yetu, nusu siku, kuzunguka visiwa vidogo vitatu. Mwenye boti anatoa nafasi mbili: saa mbili asubuhi mpaka saa sita, au saa saba mchana mpaka saa kumi na moja. Ratiba ni kusimama mahali pa kuogelea kwa miwani na mrija, halafu kushuka kwenye fungu la mchanga, halafu kurudi. Tuko saba. Mimi naona mchana ndiyo bora. Wenye uzoefu mnasemaje?

Swali dogo la pili: watu wakishuka kuogelea, ni lazima wote washuke? Yaani mtu mmoja anaweza kubaki botini na nahodha? Nauliza kwa ajili ya usalama wa mizigo tu.

Usingizi sipati, nisaidieni.

Kambamwamba
Asubuhi. Wala hakuna mjadala.

Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa baharini unaamka, kuanzia saa tano sita hivi, na ukiamka haulali mpaka jioni. Asubuhi unaona mpaka kivuli cha boti yako kimelala kwenye mchanga chini. Mchana nawarudisha watu wamelowa mpaka ndani ya masikio, wote wamenuna. Nimeendesha boti za wageni miaka 11, najua ninachosema.

Tena hayo masaa manne yanahesabiwa tangu mnapoacha gati mpaka mnapofunga kamba tena. Toa dakika 40 za kwenda na 40 za kurudi, mmebakiwa na masaa mawili na ushei. Visiwa vitatu mtaviona kama mtu aliyepita kwenye basi. Chagueni viwili.

Shangazi Mkavu
Asubuhi au mchana shauri yenu. Mimi naomba jambo moja: msiingie majini mmejipaka mafuta ya jua ya hovyo. Palau walipiga marufuku yenye kemikali zinazodhuru matumbawe tangu Januari 2020, na Hawaii mwaka 2021 wakazuia kuuzwa yenye oksibenzoni na oktinoksati. Vaeni mashati ya mikono mirefu, yapo mpaka ya kuogelea nayo. Na msikanyage matumbawe! Lile la mviringo kama kichwa linakua sentimita moja hivi kwa mwaka, pengine pungufu, halafu mtu analipanda kwa kisigino apate picha ya kuweka wasifu.

Chapuo
Mizigo gani ya nusu siku mpaka iwekewe mlinzi? Mmebeba jokofu?

Pweza Mtulivu
Umenikumbusha fungate yetu. Tulikodi boti ya wawili, nikamuuliza mwenyewe mafuta yapo? Akagonga tangi kwa kidole, akasema "yapo". Wakati wa kurudi mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Simu ya nahodha haina chaji. Redio hana. Tulikaa pale masaa mawili na nusu, nanga haifiki chini, tunasogea taratibu kuelekea kusikojulikana, mke wangu ananitazama tu hasemi. Tukaokolewa na wavuvi.

Baadaye baharia mmoja ndiyo akanipa somo: theluthi ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza mafuta, uliza redio na kama inasikika chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini, hesabu maboya ya kuvaa kwa mkono wako, moja moja, kwa idadi ya watu. Kuoneshwa sanduku lililofungwa usikubali.

Mpaka leo taa ya mafuta ya gari ikiwaka, mke wangu hugonga dashibodi kwa kidole anasema "yapo".

Kinyangarika
Asanteni sana. Advansi nimeshatoa, nusu ya pesa, na nimeshaandikwa mchana. Kwa hiyo sanasana nilitaka kuthibitisha tu kwamba mchana si mbaya.

Ila lile la kubaki botini bado hamjanijibu.

Kambamwamba
Kama umeshaandikwa unatuuliza nini? Na mchana umeupendea nini hasa?

Kinyangarika
Mwanga wa picha.

Kambamwamba
Saa nane mchana, jua liko utosini, ndiyo mwanga wa picha?

Bi Tausi
Mwanangu Kinyangarika, mimi nimelea watano. Mtoto akiuliza neno lile lile mara mbili, na kila mara ana sababu nyingine, kuna kitu kakivunja. Kwanza mizigo, sasa picha. Nikuulize, kuogelea unajua?

Chapuo
Bi Tausi kaingia bila kubisha hodi.

Kinyangarika
Sawa. Nasema, lakini msinihukumu.

Sijui. Sijui kabisa. Sijawahi kuingia maji yaliyopita magoti.

Tatizo ni kwamba siku ya pili tu ya kufahamiana na mchumba wangu nilimwambia nimekulia baharini na naogelea kama samaki. Tulikuwa tunazungumza, likatoka tu. Naye akampelekea baba yake, na baba mkwe ujanani alikuwa muogeleaji wa mashindano. Tangu siku hiyo mzee kanipenda, mashemeji nao kimyaa. Hii safari wamelipia nusu wao. Mzee ameshatangaza kwamba tukifika karibu na fungu, mimi na yeye tunaruka kutoka botini, tunashindana mpaka mchangani.

Lakini mjue nimejipanga, sijakurupuka. Nimetafuta jedwali la maji. Nimechagua siku ya mwezi mpevu, maji ya bamvu, yale yanayojaa sana na kutoka sana, yanapwa mpaka mita 0.3 kwa kipimo cha jedwali saa tisa alasiri. Ndiyo maana nataka mchana. Saa tisa, kandokando ya fungu maji yatakuwa kiunoni. Nitaruka, nitainama, nitapiga mikono juu huku miguu inatembea chini. Mikono naijua vizuri, nimejizoeza mbele ya kioo wiki tatu.

Kwa hiyo ushauri wa "mwambie ukweli" sihitaji, nimeshaufikiria. Nahitaji mnaojua bahari mniambie hesabu yangu iko sawa.

Chapuo
MBELE YA KIOO 😂😂😂 Jamani nisaidieni, niko kazini.

Mpita Njia
Nimeweka kambi.

Mwalimu wa Zamu
Kijana, leo unamficha kuogelea, kesho utamficha madeni. Mwanamke unayemwoa anapaswa kumjua mtu anayelala naye chumba kimoja. Mimi nilimwambia mke wangu kila kitu kabla ya ndoa, mpaka meno ya bandia.

Chapuo
Mwalimu, hayo meno si angeyaona mwenyewe usiku kwenye glasi?

Kambamwamba
Acheni utani kidogo, hili linaua watu.

Kinyangarika, fungu la mchanga si kiwanja cha mpira kwamba chini ni sawa kila mahali. Upande mmoja unateremka polepole, upande wa pili unakatika ghafla, na boti hutia nanga upande uliokatika kwa sababu ndiko kwenye kina cha kuelea. Utaruka ukidhani ni kiunoni, unakuta hakuna chini.

La pili, maji kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita, lakini hayaendi mwendo mmoja. Saa la kwanza yanaondoka kidogo, la tatu na la nne ndiyo yanakimbia: nusu ya maji yote inapita ndani ya masaa hayo mawili. Siku ya bamvu mkondo huo kati ya visiwa unamchukua hata muogeleaji mzuri. Mkichelewa kuondoka, au mkikawia kwenye kisiwa cha kwanza (na mtakawia, watu saba hamjawahi kwenda na wakati), mtafika maji yanarudi, na hilo fungu linazama huku mnalitazama.

Pweza Mtulivu
Naongezea. Mimi niliwahi kutaka kufa kwenye maji ya kiunoni. Nilivaa miwani na mrija kwa mara ya kwanza, kimaji kidogo kikaingia kwenye mrija, nikavuta. Koo likafunga. Nilisahau kwamba nina miguu. Nilikuwa nimelala juu ya maji natapatapa, mke wangu yuko mita tatu anarekebisha kofia, hajasikia kitu. Anayezama hapigi kelele jamani, pumzi ya kupigia kelele hana. Nilipokuja kugusa mchanga kwa goti ndipo nikasimama. Maji yakanifikia mkandani.

Yule yule aliyegongewa tangi, ndiyo. Bahari na mimi hatupatani.

Mzee wa Kikokotoo
Samahani, naharibu sherehe. Hii ni chai.

Ushahidi: mwenye uzi kajiunga jana, na uzi wake wa kwanza tayari una mzee bingwa wa kuogelea. Hilo nimesamehe. Lakini anasema safari ni Jumamosi IJAYO na kachagua siku ya mwezi mpevu. Ndugu zangu, tokeni nje mtazame juu. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Jumamosi ijayo utakuwa nusu, na mwezi nusu ni maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana. Hiyo mita 0.3 ataipata wapi?

Kuna zaidi. Kila siku maji yanachelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Zidisha mara siku saba, unapata karibu masaa sita. Maana yake saa tisa ile ile ambayo wiki hii maji yametoka, wiki ijayo yatakuwa yamejaa. Na asije na kisingizio cha visiwa vya Karibi, huko kujaa na kupwa mara nyingi hakutofautiani hata nusu mita, kwa hiyo jedwali lake lingekuwa kichekesho zaidi.

Mtunzi rudi ukahariri.

Chapuo
Duh. Mimi nilishaanza kumchangia nauli ya kukimbia.

Mpita Njia
Nilihisi. Ile ya kioo ilikuwa tamu mno kuwa kweli.

Mwalimu wa Zamu
Vijana wa siku hizi wanatunga mpaka shida. Nimepoteza nasaha zangu bure.

Shangazi Mkavu
Ya matumbawe lakini hayakutungwa, mzingatie.

Bi Tausi
Ngojeni. Mtu anayetunga hadithi hajifanyi mjinga kiasi hiki. Kinyangarika, uko wapi?

Kinyangarika
Nipo.

Safari ilikuwa Jumamosi hii, jana. Ndiyo siku niliyoichagua. Alhamisi mama mkwe akaumwa jino, uso ukavimba, tukasogeza mbele wiki moja. Mwenye boti akasema hakuna shida, muda ule ule.

Sikuangalia tena jedwali. Nilijua bahari ni ile ile.

Nimeliangalia sasa hivi. Jumamosi ijayo, saa 9:05 alasiri: mita 2.4.

Chapuo
...

Mzee wa Kikokotoo
Kutoka 0.3 mpaka 2.4. Hayo ni zaidi ya mita mbili juu ya kile kiuno ulichokuwa umekipigia hesabu. Wewe una urefu gani?

Kinyangarika
Mita 1.68.

Mzee wa Kikokotoo
Naomba radhi kwa kukuita mtunzi. Umuombee dua jino la mama mkwe, maana hata jana kwenye bamvu, kwa alivyoeleza Kambamwamba, ungeondoka na mkondo.

Kambamwamba
Sasa nisikilize, na safari hii usinijibu mambo ya picha. Kama saa tisa alasiri ndiyo yamejaa, basi yanapwa karibu saa tatu asubuhi. Ni maji mafu, hayatatoka sana, lakini mkondo nao utakuwa dhaifu na upepo bado umelala. Hamia asubuhi. Nilikuambia tangu jibu la kwanza.

Kisha mpigie nahodha, siyo mwenye boti, nahodha mwenyewe, umwambie ukweli. Ukweli wa kuogelea tu, ya uchumba hayamhusu. Sisi tunataka kujua nani hajui maji kabla nanga haijashuka. Atakuvalisha boya, atakushusha kwa ngazi upande wa kina kifupi. Tena nahodha mwenye akili hakubali mtu aruke kushindana huku boti haijatulia, kwa hiyo mashindano atayavunja yeye kwa amri yake na wewe utalalamika pamoja na mzee.

Na swali lako la tangu mwanzo: ndiyo, mtu anaweza kubaki botini. Kila safari yupo mmoja. Hatumuulizi.

Bi Tausi
Mchumba mwambie wewe, kabla ya Jumamosi. Baba mtu mwachie yeye amwambie, mabinti wanajua pa kuwashikia baba zao.

Kinyangarika
Hilo la mchumba nalifikiria.

Bi Tausi
Hulifikirii.

Kinyangarika
Nimempigia mwenye boti. Asubuhi ilikuwa wazi, tumehama, saa mbili. Nyumbani nimewaambia ni kwa sababu ya upepo. Baba mkwe amefurahi, kasema kweli mtoto wa baharini anajulikana.

Nahodha naye nimeongea naye. Kacheka kidogo, siyo sana.

Swali la mwisho wakuu, halafu nawaacha. Hayo maboya, yapo ya kuvaa ndani ya shati? Au basi yenye rangi isiyoonekana sana kwa mbali?

Kambamwamba
Ni ya chungwa. Makusudi.