Eti video yangu ni CCTV ya duka la dawa!! Yule wa slomo leo kavuka mpaka

Gia ya Tano:

Wakuu nimetoka kijiweni sasa hivi, elementi yenyewe ya pikipiki iko mezani hapa bado ina joto, nimekaa naandika huu uzi mikono inatetemeka na wala siyo vaibresheni ya pikipiki.

Mnamjua. Jina sitaji, nikitaja atafurahi maana ndicho anachotaka. Yule wa glavu nyekundu na video za slomo, zile picha za mwendo wa taratibu. Yule ambaye hawezi kuwasha chuma mpaka jua liwe linazama. Basi, huyo huyo.

Iko hivi. Jumapili kama kawaida tumekutana kwa mama wa supu, tuko kama watu kumi na nne, TV ya ukutani inaonyesha marudio ya mechi hakuna anayeangalia, mmoja akasema tuweke ile video ya safari yetu ya Iringa, ile niliyopandisha usiku wa jana. Nikanyoosha mgongo kabisa. Nikaagiza na supu ya pili. Video inaanza, tuko Ruaha Mbuyuni, vitunguu vya pembeni ya barabara vinapita, nasema vizuri tu "haya ndugu watazamaji tunaianza Kitonga." Haijafika hata dakika tatu huyu bwana ananyanyuka, anachukua rimoti, ANAPAUSI, anawageukia watu kwa sauti ya mchungaji: "Ndugu zangu, hii ni vlogi au ni CCTV ya duka la dawa?"

CCTV. Ya duka la dawa.

Watu wakafa. Kijana anayeosha pikipiki pale, ambaye juzi tu nimemrushia bando mimi kwa hela yangu, akapiga makofi. Mama wa supu akacheka mpaka akaweka upawa chini, na mama wa supu hajui YouTube ni mnyama gani! Na picha ilivyoganda sasa, imeganda nyuma ya tela la lori limeandikwa POLEPOLE BABA, ikakaa hivyo hivyo kama dakika tano, watu wanajifuta machozi, mimi nimeshika kijiko hewani sijui nikipeleke mdomoni au nikirudishe.

Mimi naediti kawaida na sijawahi kuficha. Nakata pale niliposimama kuchimba dawa, nakata pale sheli, naunganisha, chini naandika jina la sehemu, Mikumi, bonde la mibuyu, Kitonga, Ilula, imeisha hiyo. Injini naiacha iongee kwa sababu mwenye pikipiki akiisikia anajua nimeshuka gia wapi. Kona naiacha nzima kwa sababu ukiikata katikati aliyeko nyumbani hajui imeingilia wapi imetokea wapi, na Kitonga siyo sehemu ya kumdanganya mtu, malori ya Tunduma yanapanda pale kwa mwendo wa konokono mwenye malaria na mengine yanashuka breki zinanuka mpaka ndani ya elementi, mtu anayepanga safari anataka aione barabara. Barabara jamani! Siyo kope zangu.

Sasa njoo kwa Mheshimiwa Slomo. Safari ile ile, siku ile ile, nimeongozana naye. Video dakika nne. Nimekaa na saa ya mkononi nimehesabu: kuvaa glavu sekunde 52. Ya kushoto kwanza. Kidole kwa kidole kama daktari anaingia theta. Halafu stendi ya pikipiki inapanda taaaratibu, ngoma inapiga DUUUM, utadhani geti la gereza linafungwa. Halafu ufunguo unazunguka. Halafu matone ya mvua kwenye tangi, na siku ile haikunyesha hata tone, alimwagia maji ya kunywa na chupa ilikuwa YANGU. Juu na chini kaweka ile mipau myeusi, nusu ya mlima imefukiwa. Rangi kapiga ile ya chungwa na bluu, nyanya za Ilula zimekuwa dhahabu, na mimi mwenyewe nimepita kwenye fremu nafanana na Fanta. Kitonga yenyewe? Sekunde sita. SITA! Tena kwa droni, na kibali cha TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, cha kuirusha hiyo droni anakijua yeye na Mungu wake.

Injini? Hamna. Kaweka fidla. Fidla Kitonga wakuu.

Na hapo sijagusa Mikumi. Zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi, mwisho spidi 70 mchana, mtu mwenye akili anapita zake macho mbele, yeye anataka tusimame apate twiga akigeuza shingo kwa slomo. Uko kwenye pikipiki! Tembo anakuona kama chipsi kavu! Unamwambia, anakujibu "braza, sanaa."

Halafu huyo ndiye ananipausi MIMI. Kwa rimoti isiyo yake.

Na msije kuniambia sielewi sinematiki, hiyo ya kupiga video kama filamu. Najua fremu 24 kwa sekunde, najua mchana unafunga kile kioo cheusi cha ND ili shata ikae kwenye 1/50 ya sekunde tairi lionekane linazunguka siyo limeganda, hayo yote nayajua, sipendi tu kumchosha mtu. Yeye mwenyewe slomo zake anapiga kwa fremu 30 halafu anaziburuza mpaka robo, picha inakwamakwama kama Boxer iliyoingia maji kwenye kabureta. Slomo inapigwa kwa 60, kwa 120! Nani CCTV hapo?

Duka la dawa lakini. Hata benki hakunipa. Angesema CCTV ya benki ningemeza.

Njooni mnisaidie kumchana.

---

KofiaNgumu: Nimekaa paleee. Kwanza supu ilikuwa ya nini?

Mzee wa Klachi: Mkuu punguza povu. Nimeenda kuitafuta hiyo video nikupe haki yako. Kuanzia dakika ya 11 mpaka ya 20 uko nyuma ya tela moja. Namba nimeikariri. Mama watoto kapita sebuleni kaniuliza "hilo lori limefanya nini?" nikakosa jibu.

Gia ya Tano: Mzee pale ni kona juu ya kona huwezi kuovateki! Ulitaka nife ili video inoge?

Mzee wa Klachi: Nilitaka ukate. CapCut ya kueditia kwenye simu ina mkasi, wala huulipii.

Dada Spoki: Mimi nilikuwepo na mleta uzi karuka kipande. Baada ya lile neno la CCTV huyu alisimama akasema kwa hasira "angalau yangu ina SAUTI YA INJINI, ongezeni muone!" Wakaongeza. Ikatoka FUUUUUUUUUU. Upepo mtupu mwanzo mwisho, sufuria zinatikisika. Mama wa supu aliweka upawa chini HAPO. Siyo kwenye duka la dawa.

Gia ya Tano: Dada Spoki nilikuwa nakuheshimu kama dada yangu wa kuzaliwa. Ule ni upepo wa Ruaha, ni wa asili, ndiyo safari yenyewe ilivyo.

Fundi Waya: Upepo wa asili ndo nini sasa 😂 nilikwambia toka mwaka jana, maiki ingiza ndani ya elementi chini ya sponji ya shavuni, izungushie kipande cha godoro, upepo unaisha na sauti yako inasikika. Na kamera funga kidevuni. Wewe umefunga kifuani, nusu ya skrini tunaangalia tangi, ukifunga kwenye usukani nako hiyo singo silinda yako inatetemesha picha mpaka lami inakuwa uji. Hayo siyo mambo ya sinematiki wala kawaida, ni kufunga tu vizuri.

Binti wa Ilula: Naomba niongee kama mkazi. Nyanya zetu ni nyekundu, siyo dhahabu. Baba mdogo wangu katokea kwenye ile video ya glavu yuko na tenga lake barabarani, wamempaka chungwa na macho yamekuwa ya bluu, ndugu wa Dar wamepiga simu kuuliza kama anaumwa ini. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Na wewe mleta uzi kwenye ya kwako umempita kasi hata hukumpungia.

Mpenda Mwanga (amejiunga leo): Habari wanajukwaa. Mimi huyo mnayemsema simfahamu kabisa ila nimebahatika kuona kazi zake na naona ni mtu mwenye jicho. Watazamaji wa leo hawana uvumilivu, sekunde tano za kwanza usipowashika wameshapita. Zile glavu zina maana, ni utulivu kabla ya safari.

KofiaNgumu: Glavu vua tukuone.

Dada Spoki: Kajiunga leo dakika kumi zilizopita jamani 😂😂

Fundi Waya: "Utulivu kabla ya safari." Siku ya Kitonga nilikusubiri robo saa umelala chali kwenye lami unapiga spoketi.

Mpenda Mwanga: Siyo mimi. Na ilikuwa dakika saba.

Mkia wa Mamba: Nyie wote wawili mnapigania nywele na mimi nina kipara. Tatizo ni BANDO. Nimerekodi saa moja kwa 4K, ubora umewekwa juu kabisa, faili zimegonga GB 45. Sasa hizo unazipandishaje? Unanunua bando la usiku, unaweka simu dirishani unaibembeleza kama mtoto, unaamka alfajiri iko asilimia 31 na imeandika imeshindikana. Mara tatu. Kwa hela hiyo ningeshabadilisha cheni na spoketi zote mbili.

Baba Plagi: Rekodi 1080 kaka, watu wanaangalia kwenye simu iliyopasuka kioo. Mie kilio changu kingine. Nimehangaika mpaka nikafikisha sabuskraiba 1,000, nikapika pilau nyumbani, kumbe ili YouTube ikulipe hela ya matangazo kuna na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa video za dakika nne za kuvaa glavu utafika uzeeni. Bora hizi CCTV, mtu anasinzia inaendelea kucheza masaa yanahesabika.

Gia ya Tano: Baba Plagi hilo ni pongezi au tusi?

Baba Plagi: Mimi mwenyewe nalala nayo. Lile lori linanibembeleza.

Mkia wa Mamba: Na tochi za trafiki za kupima spidi jamani, tusizisahau tochi. Video yangu nimejiwekea spidi pale kwenye kona ya skrini nijishaue, shemeji yangu ni trafiki, kaitazama sebuleni kwangu huku anakula chakula changu, kila nikizidi 50 kijijini ananiangalia anahesabu kwa vidole.

Mzee wa Klachi: 😂😂 huyo mpe nyama kubwa.

KofiaNgumu: Bado sijajibiwa supu ilikuwa ya nini.

Dada Spoki: Kongoro. Ya mbuzi iliisha saa mbili asubuhi.

Fundi Waya: Na mmeona chapati? Zimekuwa nyembamba, ukiinyanyua juani unaona namba ya pikipiki iliyopaki ng'ambo.

Binti wa Ilula: Ngano imepanda, mwacheni mama wa watu.

Fundi Waya: Ngano imepanda sawa, na pilipili je? Kibakuli kimoja watu kumi na nne, kinazungushwa kama sadaka.

Mkia wa Mamba: Kongoro bila ndimu mbili siyo kongoro, mimi nabeba za kwangu mfukoni.

KofiaNgumu: Wa kwanza nyama au wa kwanza mchuzi?

Dada Spoki: Mchuzi. Anayeanza na nyama kalelewa bweni.

Baba Plagi: Nimelelewa bweni na sijutii.

Mzee wa Klachi: Mmenikumbusha. Jumapili wakati wa kuondoka mama kanishika mkono mlangoni kanidai supu moja na chapati mbili ambazo sijui ni za nani, nikalipa kwa aibu ya uzee. Nani aliondoka bila kulipa?

Fundi Waya: Mimi nililipa nikiwa nimekaa.

Mkia wa Mamba: Mimi hata sikula, nilikuja na uji wangu kwenye thamosi.

Dada Spoki: Kuna mtu kaandika huko juu kabisa "nikaagiza na supu ya pili", halafu akatoka kwa hasira na elementi kichwani.

Gia ya Tano: Nilijua kijana wa kuosha pikipiki kanilipia, shukrani ya lile bando.

Mzee wa Klachi: Buku nne na mia tano. Namba yangu unayo.