MREJESHO: FJ45 ya mzee imeacha kutetemeka

Wakuu salama, ndo mimi niliyeuliza kuhusu Land Cruiser FJ45 ya 1972 ya marehemu baba, nilitoa injini ya petroli nikafunga 1HZ ya dizeli na giaboksi ya H55F ya gia tano, ikawa ikifika spidi 70 gari zima linatetemeka. Mliosema shida ni propela shafti (ule mhimili unaopeleka nguvu toka giaboksi hadi ekseli) mlipatia kabisa! Giaboksi hii ni ndefu kuliko ile ya zamani so shafti ya nyuma ilibanwa, mlalo wake ukakaa vibaya, fundi kaikata akaibalansi upya, jana nimepanda nayo mlima Kitonga na gunia za mahindi nyuma, naweka kiganja kwenye rungu la gia, imetulia tuli. Breki za ngoma za mbele nazo nimeweka disk, ukikanyaga haivuti tena kushoto. Nawashukuru sana.