Foili ya kuzuia joto chini ya mabati: ninunue roli ngapi?

Mjenzi_Dom
Wakuu, nyumba ni mita 10 kwa 8, paa la mgongo wa tembo (miteremko miwili), mwinuko digrii 20, upenu sm 60 pande zote. Kenchi (fremu za mbao za paa) zimesimama, papi (mbao za kupigilia bati) bado. Roli ya dukani ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 40. Nimepiga 80 gawa kwa 48, inakuja 1.67, yaani roli 2. Fundi anadai 3. Ananipiga? Na kelele za mvua zitapungua?

PapiMbiliMbili
Hakupigi, mkuu. Wewe umepima sakafu, yeye anaezeka paa.

Ukiongeza upenu unapata 11.2 kwa 9.2. Halafu mwinuko: kwa digrii 20 zidisha 1.064 (digrii 15 ni 1.035, digrii 30 ni 1.155). Inafika kama mita za mraba 110. Hata hiyo usiigawe kwa 48, hesabu mikanda.

Foili inalazwa kufuata urefu wa nyumba, kuanzia chini kwenda juu, mkanda wa juu ukilalia wa chini sm 10 ili tone likidondoka lishukie nje. Kwa hiyo wa kwanza unafunika mita 1.2, kila unaofuata 1.1 tu. Mteremko mmoja ni nusu ya 9.2, yaani 4.6 × 1.064, kama mita 4.9. Mikanda minne inafika 4.5. Hapo wengi wanaongeza wa tano kila upande, jumla 10. Hakuna haja: sm 40 zinazobaki huku na huku zinafunikwa na mkanda mmoja unaovuka kileleni. Jumla 9. Kata kila mmoja mita 11.5, maana foili lazima ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Roli moja inatoa mikanda 3, basi roli 3, na vipande vitatu vya mita 5.5 vinabaki kwa viraka.

Paa lingekuwa la pande nne, eneo ni lilelile ila mikato ya mshazari inakula foili. Ongeza asilimia 10 hadi 15.

Kofia_na_Misumari
Nyongeza ya tepu: maungio 8 × 11.2 ni karibu mita 90. Tepu za mita 45 mbili zinaishia palepale, chukua 3.

Foili ipite juu ya kenchi, papi zipigiliwe juu yake. Papi ya inchi 2 inaacha nafasi ya hewa kama sm 5 chini ya bati. Ikigusa bati, joto linapita moja kwa moja na hela yako imekwenda. Pia foili inapitisha umeme, kwa hiyo nyaya za darini ziwe ndani ya paipu na zisiiguse.

Kelele? Foili nyembamba haisaidii sana. Hiyo ni kazi ya pamba ya kioo juu ya dari, na hapo ndipo 80 yako inafaa: gawa kwa eneo lililoandikwa kwenye pakiti, usiibane ili ienee, maana ikibanwa inapoteza nguvu.

Mjenzi_Dom
Nimeelewa. Hii ya dukani inang'aa upande mmoja tu, uangalie wapi?

PapiMbiliMbili
Chini. Upande huo ukielekea juu, vumbi la Dodoma litaufifisha.